Mizani ya Kisangani: pesa, vipimo na maneno yaliyovunja rekodi

Meli inayotoka Kinshasa hupanda Mto Kongo kwa kilomita 1,734, na Kisangani ndipo safari yake inapokatika. Mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyojipanga kwa zaidi ya kilomita 100, na hakuna chombo cha mizigo kinachoyapita. Maji na mawe hayo ndiyo yaliyoupa mji huu kazi yake. Kila aliyefika na mali, awe ametoka magharibi kwa mtumbwi au mashariki kwa msafara wa miguu, ilimbidi atue, apakue, apime na abadilishane. Chuma cha wahunzi wa mtoni, nyaya za shaba zilizotoka upande wa Atlantiki na frasila ya Unguja vyote vilikutana hapa.

Nimekusanya rekodi za vitu hivyo: kirefu kuliko vyote, kizito kuliko vyote, kilichodumu zaidi, kilichoporomoka zaidi. Baadhi zilizaliwa Kisangani na kando zake, nyingine zilipita njia, nyingine bado zinasomwa kanisani. Zote nimeziuliza swali moja: nani alishika mizani, na wa upande wa pili aliweza kuiona? Naamini hilo ndilo linaloamua kama kipimo kinamlinda mtu au kinampunja.

Pesa ya chuma ndefu kuliko zote: liganda

Walokele na majirani zao Watopoke na Waturumbu, kati ya Kisangani, Yangambi na Isangi, walikuwa na pesa inayomfikia mtu mzima kimo. Ni bapa la chuma lenye umbo la mkuki, lililofuliwa likawa pana na jembamba, na nyingi zina urefu wa mita 1.5 hadi karibu mita 1.8. Walokele waliiita liganda. Wengine waliiita ngbele. Ukiitazama haraka utadhani ni silaha, lakini wembamba wa ubapa wake hauwezi kuhimili vita. Ilifuliwa iwe pesa, na ikalipiwa mambo makubwa ya maisha, hasa mahari.

Duniani zipo pesa zinazoipita kwa ukubwa. Mawe ya kisiwa cha Yap katika Pasifiki yana matundu katikati, na makubwa yake yanafikia kipenyo cha mita 3.6, ila hayabebeki. Uswidi mwaka 1644 ilitoa kipande cha shaba cha daler 10 chenye uzito wa kilo 19.7, kizito kuliko sarafu yoyote iliyowahi kutolewa na serikali, lakini urefu wake hauikaribii liganda. Kwa pesa ya chuma ya kutolewa mkono kwa mkono, wahunzi wa mtoni ndio wenye rekodi.

Faida ya urefu huo ni kwamba haukufichika. Mahari iliyolipwa kwa maliganda iliwekwa mbele ya koo mbili, na hata mtoto aliweza kuona kama bapa moja ni fupi kuliko lenzake. Mizani ilikuwa macho ya waliohudhuria.

Pesa iliyokaa na wafu muda mrefu zaidi: msalaba wa shaba

Kusini mwa nchi, huko Katanga, shaba ilimiminwa katika kalibu za umbo la msalaba unaoitwa handa. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Sanga, kando ya Ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957 waliikuta misalaba hiyo makaburini pamoja na wenyewe, na ya zamani zaidi ni ya karne kadhaa kabla Mzungu hajafika. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na mwaka uliofuata ikauchora msalaba huo kwenye sarafu zake. Ni pesa chache sana duniani zilizotoka kaburini zikarudi sokoni zikiwa picha juu ya pesa nyingine.

Kipimo chenye umri mkubwa zaidi: mani

Wafanyabiashara wa Kiswahili walipofika maporomoko katika nusu ya pili ya karne ya 19, walikuja na daraja zao za uzito: wakia 16 hufanya ratili moja, ratili 3 hufanya mani moja, mani 12 hufanya frasila moja. Frasila ni ratili za Kiingereza 35, yaani karibu kilo 16.

Kati ya hizo, mani ndiye mzee wa wote. Wababeli walikuwa wakipima fedha kwa mana zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wayunani wakaichukua wakaiita mna, Waarabu wakaiita mann, Wahindi wana maund yao, na kipimo kikashuka na majahazi hadi Unguja. Njiani uzito wake ulibadilika mara nyingi, jina likashikilia. Ratili nayo inatokana na litra ya Kiyunani, na wakia ni ndugu wa aunsi ya Kirumi. Mpagazi aliyepumzisha mzigo wake kwenye ukingo wa Mto Kongo alikuwa amebeba hesabu ya Babeli mabegani.

Pamoja na vipimo ilikuja hofu ya kuvipotosha. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjao katika vipimo. Kitabu cha Mithali kinaihesabu mizani ya hadaa kuwa chukizo mbele za Mungu. Dini zote mbili zina waumini wengi Kisangani, na zote mbili zimelitaja kosa hili kwa jina lake, tangu kabla hapajawa na mji hapa.

Shehena kubwa zaidi: frasila 1,950

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Ni kitabu cha mfanyabiashara, kimejaa uzito. Rekodi yake ni ya mwaka 1867, alipomshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, kati ya Ziwa Mweru na Tanganyika. Anataja pembe za ndovu frasila 1,950 na shaba frasila 700.

Tuzipime upya. Frasila 1,950 ni karibu tani 31. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, kwa hiyo pembe peke yake zilihitaji mabega 975. Nsama hakuwepo wakati mizani inaning'inizwa, wala hakuulizwa bei. Frasila kilikuwa kipimo safi, chenye hesabu nzuri, na kilitumika kuhesabu nyara.

Februari 1887, huko Unguja, mpelelezi Stanley alimpa Tippu Tip uliwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tangu siku hiyo mizani ya pembe ikawa na bendera juu yake. Pembe na watumwa waliobebeshwa pembe hizo walipita katika mikono ileile, na vitabu vya hesabu viliandika uzito wa pembe.

Pembe nzito zaidi zinazojulikana nazo zilipita katika soko la Unguja. Zilitoka kwa ndovu aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898, na sasa zimehifadhiwa katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya London. Moja ina zaidi ya kilo 100. Jino moja la mnyama mmoja lilivuka frasila 6, mzigo wa watu watatu.

Sarafu iliyobaki na mwaka mmoja muda mrefu zaidi: reale ya Sham

Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki Novemba 1780. Sarafu yake ya fedha haikufariki. Ilizidi kupigwa ikiwa na sura yake na tarehe ileile, 1780, si Vienna peke yake bali pia Roma, London, Paris, Bombay na Brussels, na kiwanda cha Vienna kinaipiga mpaka leo. Pwani ya Waswahili iliiita reale ya Sham, kuitofautisha na reale ya mzinga ya Kihispania, iliyochorwa nguzo mbili ambazo watu waliziona kama mizinga.

Kinachonivutia zaidi ni kazi yake ya pili. Reale moja ina gramu 28 na kidogo, na uzito huo ndio uliokuwa wakia ya Unguja. Kwa hesabu hiyo ratili ni reale 16, na frasila ni reale 576. Maana yake mnunuzi mwenye reale 16 alikuwa na ratili yake mwenyewe. Angeweza kuziweka kwenye sahani moja ya mizani na jiwe la mwenye duka kwenye sahani nyingine, na jiwe lililochongwa likaumbuka papo hapo. Pesa yenyewe ilikuwa hakimu wa kipimo. Noti ya karatasi, kwa manufaa yake yote, haiwezi kazi hiyo.

Sarafu ya Waswahili iliyofika mbali zaidi: shaba ya Kilwa

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu ambayo upande mmoja unaoana na mwingine kwa kina. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyewekwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 5 za Kilwa mchangani. Ni zaidi ya kilomita 10,000 kutoka zilikopigwa.

Pesa iliyofupishwa zaidi: mitako

Kutoka upande wa Atlantiki ulikuja mtako, fimbo nyembamba ya waya wa shaba. Katika Mto Kongo wa juu, vyakula, mishahara ya askari na safari za mitumbwi vililipwa kwa mitako. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo, koloni la Leopold, iliamuru faranga iwe pesa rasmi, ikapiga sarafu za shaba zenye tundu katikati, ziweze kutungwa kwenye uzi. Hata hivyo huku juu ya mto mitako na vitambaa viliendelea kutawala kwa miaka mingi.

Ugonjwa wa mtako ulikuwa ncha zake. Kila ulipopita mkononi mwa mjanja, kipande kidogo kilikatwa, na fimbo zilizoanza safari zikiwa ndefu zilifika sehemu nyingine zikiwa fupi sana. Hesabu ilibaki ileile, mtako mmoja ni mtako mmoja, huku shaba ikipungua. Walioumia ni wale walioupokea mwisho: mama aliyeuza mihogo, mvuvi aliyeuza samaki. Upungufu wa liganda ungeonekana na ukoo mzima. Wa mtako uliingia kidogo kidogo, na kila mmoja alihisi ni yeye peke yake aliyepunjwa.

Deni kubwa kuliko yote: talanta 10,000

Injili ya Mathayo, sura ya 18, ina mtumwa anayedaiwa talanta elfu kumi, naye anamkaba mwenzake kooni kwa dinari mia. Msomaji wa leo anaelewa kwamba deni moja ni kubwa na jingine ni dogo. Msikilizaji wa kale alielewa zaidi, kwa sababu alivijua vipimo.

Talanta kilikuwa kipimo kikubwa kuliko vyote cha uzito na cha pesa. Ile ya Wayunani ilikuwa karibu kilo 26, sawa na mna 60 au drakma 6,000, na dinari ilikaribiana na drakma. Talanta 10,000 basi ni dinari 60,000,000. Dinari moja, kama tunavyosoma sura ya 20 ya kitabu hichohicho, ni ujira wa kibarua wa siku. Mtumwa yule alidaiwa siku milioni 60 za kazi, zaidi ya miaka 160,000. Deni alilokuwa akimkabia mwenzake lilikuwa dogo mara 600,000. Hapo ndipo ukubwa wa msamaha unapoonekana, na ukatili wa asiyesamehe.

Neno lenyewe limefanya safari ndefu kuliko pesa nyingi. Kutokana na mfano wa sura ya 25, ambamo bwana anawagawia watumwa wake talanta wazifanyie biashara, talanta likawa pia jina la kipaji. Mwanakwaya wa Mangobo, hapa Kisangani, anayesifiwa kwa talanta yake anaitwa kwa jina la mzigo wa fedha. Kipimo hiki kimekufa mizanini kikafufuka kooni.

Neno lenye maana zilizoachana zaidi: lisaka

Kilokele hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Lisaka ikitamkwa silabi zote tatu chini ni dimbwi la maji. Silabi ya mwisho ikipanda ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda ni sumu. Liala nayo, kwa tofauti ya sauti peke yake, ni mchumba au ni jalala. Hakuna mfanyabiashara mgeni aliyeweza kudumu hapa bila kujifunza kusikia kwanza.

Ugumu ulizidi kwenye ngoma. Ngoma ya Walokele, gogo lililotobolewa mfereji, ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Inabeba kupanda na kushuka, haibebi herufi, kwa hiyo maneno mengi yangegongana. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, chini kidogo ya mto kutoka Kisangani, aliyechapisha kitabu chake juu ya ngoma hizi mwaka 1949, alieleza jinsi wapigaji walivyoutatua. Kila neno hufungwa ndani ya kauli ndefu isiyofanana na nyingine. Mwezi haupigwi peke yake. Unapigwa pamoja na maneno ya kuutambulisha, kwamba ndio unaotazama dunia kutoka juu. Kwa wastani, Carrington alihesabu maneno 8 ya ngoma kwa neno 1 la mdomo.

Hiyo ni rekodi ya ukarimu wa lugha. Mpigaji anachoka mara nane ili msikilizaji wa ng'ambo ya mto asikosee kati ya ahadi na sumu. Wahandisi wa simu wa karne ya 20 walifikia kanuni hiyohiyo kwa hisabati, kwamba ujumbe unaopita kwenye kelele lazima uwe na ziada. Watu wa mtoni waliitumia siku nyingi kabla.

Jina lililobeba vitu vizito zaidi: zaire

Juni 1967 serikali ya Rais Mobutu iliacha faranga ikaanzisha zaire, sawa na faranga 1,000 za zamani na dola 2 za Marekani. Zaire iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mto ukaitwa Zaire. Pesa ilitangulia nchi kwa miaka minne. Asili ya jina ni neno la Kikongo la mto mkubwa, nzadi, kama Wareno walivyolisikia. Ni nadra sana mto, nchi na pesa kuitwa jina moja, na mtu kusimama juu ya zaire, ndani ya Zaire, akiwa na zaire mfukoni.

Makuta nayo ina historia yake. Upande wa magharibi, Angola na nchi ya Wakongo, lilikuwa jina la pesa ya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za mchikichi; Wareno wakalipachika kwenye sarafu za shaba; Mobutu akalirudisha. Sarafu zimekwisha, lakini Kisangani ukiambiwa mtu ana makuta, umeambiwa ana pesa. Jina limeishi muda mrefu kuliko vitu vyote lililovitaja.

Sifuri nyingi zaidi: 300,000,000,000,000

Mwaka 1992 ilichapwa noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo waliasi Kinshasa, watu wengi wakauawa. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Nayo ikaporomoka. Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Ukizidisha, faranga 1 ya mwaka 1998 ni zaire za zamani 300,000,000,000. Na kwa kuwa kila zaire ya mwaka 1967 ilikuwa faranga 1,000, faranga 1 mpya ni faranga trilioni 300 za zamani. Kuilipa kwa noti za zaire milioni 5 kungehitaji noti 60,000. Noti moja ina uzito wa kama gramu 1, kwa hiyo ni kilo 60 za karatasi, karibu frasila 4, mzigo wa wapagazi wawili, kwa faranga moja ambayo leo hainunui hata pipi.

Nyuma ya sifuri hizo kuna walimu waliolipwa mshahara ukaisha thamani kabla ya jioni, na wazee walioweka akiba miaka 30 wakabaki na makaratasi. Hii ndiyo mitako tena, ila safari hii mwenye kukata ncha alikuwa na mashine ya kuchapa. Rekodi ya ushujaa iko Kasai: watu wa huko waliikataa zaire mpya mwaka 1993, wakaendelea kutumia noti za zamani, chakavu, zisizoweza kuongezwa na mtu, mpaka mwaka 1998. Waliona mizani imeshikwa na mkono mmoja, nao wakairudisha mezani kwao.

Kipimo kidogo kilicholeta msiba mkubwa: karati

Karati ni moja ya tano ya gramu. Jina limetoka kwenye punje ya mkarobi, mti wa pwani ya Mediterania, kupitia Kiyunani na Kiarabu. Kwa karne nyingi ilisemwa kwamba punje zake zinalingana kuliko mbegu nyingine zote. Watafiti walizipima mwaka 2006 wakakuta zinatofautiana kama mbegu za kawaida. Miji ya Ulaya ilikuwa kila mmoja na karati yake mpaka mwaka 1907, ilipokubaliwa gramu 0.2.

Almasi kubwa kuliko zote iliyowahi kupatikana nchini Kongo ilikuwa na karati 890, yaani gramu 178. Iliokotwa Mbuji-Mayi katika miaka ya 1980 na msichana mdogo, kwenye kifusi kilichotupwa na mgodi kwa sababu kilidhaniwa hakina kitu. Ilichongwa ikabaki karati 407.48.

Kisangani ni mji wa almasi pia, na kuta za maduka ya wanunuzi zilipakwa picha za mawe yanayometa. Utajiri huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoyavuta majeshi ya Rwanda na Uganda kupigana ndani ya mji, yakiwa yote ya kigeni, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa ya raia. Mamia waliuawa, zaidi ya elfu moja walijeruhiwa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na kudhuriwa nchini, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Hakuna mizani itakayotosha kuwapima waliokufa, lakini kuandikwa kwa kiasi, mbele ya dunia nzima, ni mwanzo wa haki, na kila aliyepoteza mtu ana haki ya kujua hesabu hiyo imefikia wapi.

Na mchimbaji? Anashinda maji yakiwa kiunoni, kisha jiwe lake linawekwa kwenye mizani iliyogeuziwa uso upande wa mnunuzi. Kipimo kidogo namna hii hakipimiki kwa jicho. Mtu akikosea karati nusu hataona, atakuwa ameshauza.

Kipimo cha watu wengi zaidi: kilo

Mfumo wa metriki ulizaliwa katika mapinduzi ya Ufaransa, kwa ahadi ya kuwa wa nyakati zote na wa watu wote. Ahadi ilichelewa. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha platini na iridi, kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris, kwenye chumba cha funguo tatu. Kipande hicho na nakala zake vikaanza kupishana uzito, kwa kiasi kidogo sana. Tarehe 20 Mei 2019 kilo iliachana na chuma hicho ikafungwa kwenye kanuni ya maumbile isiyobadilika, ambayo maabara yoyote yenye vifaa, iwe Paris au Kisangani, inaweza kuifikia bila kuomba ufunguo.

Sokoni, hata hivyo, kilo bado ni mgeni. Mchele hupimwa kwa kopo, na kopo lenye kitako kilichobonyezwa ndani hubeba pungufu. Makaa huuzwa kwa gunia, mafuta ya mawese kwa chupa. Nchini Tanzania mkulima amepigana miaka mingi na lumbesa, gunia lililojazwa likaongezewa kilemba juu, likihesabiwa bado kuwa gunia moja, mpaka sheria ikalikataza. Anayeuza anapunjwa kwa gunia kubwa, anayenunua anapunjwa kwa kopo dogo, na mara nyingi wote wawili ni maskini wa mtaa mmoja.

Dawa yake inajulikana na ni ya bei nafuu. Kila soko la Kisangani, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Lubunga, liwe na mizani moja ya hadhara, yenye mawe yaliyokaguliwa na kupigwa muhuri, mahali ambapo mnunuzi yeyote anaweza kurudia kupima bila kulipa. Kila duka la almasi ligeuze uso wa mizani uonekane na mchimbaji, na shule za jimbo zifundishe karati na gramu pamoja na kilo. Wauzaji waaminifu, ambao ndio wengi, watakuwa wa kwanza kufaidika, kwa sababu leo wanashindana na kopo lililobonyea na hawana pa kuonyesha kwamba lao limejaa.